Albamu ya Taratibu na Magauni Yaliyobana

Chumba cha cherehani,
Nyuma ya duka la viatu,
Jumapili mchana, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kuliko vifungo vilivyomo kwenye kopo langu. Hujambo? Watoto hawajambo? Na shemeji je, lile goti lake limepoa au bado linamtabiria mvua? Sisi huku tu wazima, isipokuwa macho yangu, ambayo siku hizi yamegoma kuona tundu la sindano. Nimenunua miwani. Nikiivaa nafanana kabisa na marehemu shangazi, yule aliyekuwa akituchungulia juu ya miwani hata siku ambayo hatujakosa lolote.

Barua yako niliipata mwezi uliopita, nikachelewa kujibu kwa sababu ya sare za kwaya, suruali na sketi sitini. Usininunie. Kununa umerithi kwa baba na mimi sikuweza kukuponya.

Ningepiga simu, lakini kwenye simu wewe una haraka na mimi nasahau nilichotaka kusema. Barua hii anakuletea jirani yetu anayehamia huko kikazi, pamoja na flashi niliyoishonea kifuko ili isipotee. Ndani yake mna albamu mpya ya mwanao Taratibu. Nyimbo kumi, gitaa moja, sauti moja, basi. Jina hilo ulimbandika wewe mwenyewe, maana wenzake walikuwa wakimaliza kuosha sahani yeye bado anatafuna tonge la kwanza. Sasa ndilo limeandikwa kwenye jalada, herufi kubwa.

Mimi si mtu wa kujisifu, unanijua. Lakini katika mtaa huu mzima, nitajie mama mwingine ambaye mtoto wake ana albamu mbili. Yupo? Hayupo. Mama mwenye duka la viatu ana mtoto daktari, sawa, hongera zake, lakini madaktari wako wangapi?

Haya, sasa nikueleze jambo lililonifanya nikae kitako kuandika. Albamu imetoka, nakala chache tulizogawa wenyewe mkono kwa mkono, na watu hawakubaliani. Penye wengi pana mengi, najua, ila sijapata kuona kitu kimoja kikawagawa watu namna hii. Mteja wangu mmoja, mwalimu wa hesabu, mwanamke mkavu asiyecheka ovyo, alisikiliza wimbo wa pili akiwa amesimama mbele ya kioo, machozi yakamtoka, akanisingizia pini. Siku hiyo hiyo msusi wa chumba cha pili akausikia wimbo huo huo akasema, "Dada, mtoto ana sauti, simnyimi haki yake. Lakini hizi nyimbo ni maji ya uvuguvugu. Huogi ukachangamka, hunywi ukapoa."

Baba yake, ambaye bado anaendesha basi la wafanyakazi wa kiwanda, aliiweka ndani ya basi siku tatu. Siku ya nne akaitoa. Anasema nyimbo ni nzuri, ila si za mtu aliyeshika usukani.

Redioni walipiga nusu ya wimbo wa kwanza, nusu tu, kisha mtangazaji akasema mtu anapoamka anataka chai, yeye kaletewa blanketi. Nikaizima redio. Nikaiwasha tena nisikie kama ataomba radhi. Hakuomba.

Haya yote ningeyameza, lakini mwenye studio aliyemrekodi alikuja na sharti. Alimwambia Taratibu nyimbo zote kumi zitiwe ngoma na kinanda, zichangamke, ndipo atazisambaza. Asipotaka, basi wameachana. Alimpa mpaka Ijumaa iliyopita aamue. Na mwanao, mdogo wangu, alianza kuyumba. Jumatatu asubuhi alikuja akakaa kwenye cherehani yangu ya pili, akaivuta karibu, akasema labda aliweke gitaa kando ajifunze ushonaji. Unajua nimetafuta mtu wa kukalia kiti kile miaka mitano. Lakini alivyosema vile, nikamwinua nikamtuma uzi dukani.

Basi nikaanza uchunguzi wangu. Nilitaka kujua, hivi hizi nyimbo zinawafanya nini watu? Si wanasema nini. Mtu mdomo wake unasema lolote.

Na jibu lilikuja lenyewe, kwa njia ya aibu. Wiki hiyo magauni matatu yalirudishwa. Matatu! Mimi, ambaye sijarudishiwa nguo tangu ule mwaka wa harusi yako. La kwanza lilibana kifuani, la pili likabana kifuani, la tatu la mwalimu wa hesabu, nalo vile vile kifuani. Akaniambia, "Mama, nikikaa napumua, nikisimama napumua, nikiandika ubaoni sipumui." Nikatoa daftari la vipimo. Mwaka jana kifua chake kilikuwa inchi thelathini na nane. Safari hii niliandika thelathini na saba, kwa mkono wangu huu, na mwanamke hajakonda hata kidogo.

Nikakaa nikafikiri. Unajua mtu akija kupimwa hujikaza. Anavuta tumbo, anainua mabega, anajaza kifua kama anapigwa picha. Mimi miaka yote nimezoea kupima watu waliojikaza, na nguo hukaa vizuri kwa sababu hivyo ndivyo watu wanavyotembea barabarani, wamejikaza. Sasa hawa watatu niliwapima wakati albamu inaimba. Mabega yalishuka, pumzi ikatoka, nami nikaipitisha tepu juu ya mtu aliyetulia. Nguo ikashonwa kwa ajili ya mtu ambaye, akishafika nje, hayupo tena.

Sikuamini. Nikamwita msusi, yule yule wa maji ya uvuguvugu. Nikampima kimya kimya: arubaini na moja. Nikawasha wimbo wa pili, nikajifanya natafuta chaki, ulipofika katikati nikampima tena. Arubaini kasoro kidogo! Nikamwonyesha tepu. Akaishika, akaigeuza, akasema, "Kumbe wimbo unapunguza mwili? Basi nipigie albamu nzima na ile ya kwanza juu yake, nina harusi mwezi ujao!"

Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa nimeshinda kesi. Nikamkimbilia Taratibu na daftari mkononi. Nikamweleza yote, inchi kwa inchi. Nilidhani ataruka. Akatabasamu tu, akasema, "Asante, mama. Lakini wewe hata nikikohoa kwenye kipaza sauti utasema ni wimbo."

Sikuipenda kauli hiyo. Nikamwambia sisemi uongo mimi, hata gazeti limesifu, si lile pale ukutani. Maana gazeti moja liliandika habari za albamu, na mimi nimeikata nikaibandika juu ya meza ya kupigia pasi, kila mteja aisome. Akaitazama, akauliza aya ya tatu iko wapi. Nikamwambia ilikuwa na doa la mafuta. Mdogo wangu, haikuwa na doa. Mwandishi alisifu aya mbili, ya tatu akasema nyimbo zote kumi zinatembea mwendo mmoja kama watu waliofungwa kamba. Nikaipitishia mkasi.

Akaniuliza polepole, "Mama, niambie wimbo mmoja tu ambao hukuupenda."

Nikamwambia hakuna. Zote dhahabu.

Akaitikia kwa kichwa, akatoka. Hakukasirika. Bora angekasirika.

Ndipo nikajiuliza swali nililopaswa kujiuliza mwanzo. Nimechunguza msusi, nimechunguza mwalimu, nimempima kila anayepita. Mimi je? Mimi nimezisikiaje? Na ukweli ni kwamba nilikuwa sijazisikia. Nimeziweka tangu asubuhi hadi jioni, ndiyo, lakini mguu uko kwenye mashine, mashine inanguruma, pini ziko mdomoni. Nilikuwa nazijua kama ninavyojua mvua iliyonyesha nikiwa ndani.

Alhamisi mchana nikafunga mlango. Nikatundika kibao cha "Narudi". Nikazima mashine, nikaweka mikono mapajani, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote, mikono yangu haijui kukaa bure. Nikazisikiliza zote kumi, moja baada ya nyingine, kama mtu aliyelipa kiingilio.

Wa pili, nilijua kwa nini mwalimu alilia. Wa tano ni mzuri mpaka unaudhi. Wa tisa nilisinzia kidogo, sitakuficha. Lakini wa sita! Wa sita ndio ule niliokuwa nikiwatangazia watu wote kuwa kaniimbia mimi, mama yake. Na kweli kaniimbia. Mama wa kwenye wimbo ule anashona, hachoki. Watoto wanamsumbua, anatabasamu. Dunia inamwonea, anasema ahsante. Beti nne, hajagomba hata mara moja! Nikajiuliza, huyu ni nani? Wewe umelala chumba kimoja na mimi miaka kumi na minne, unamfahamu mwanamke huyo?

Taratibu aliporudi nikamwambia pale pale kabla hajakaa. "Wimbo wa sita siupendi. Yule si mimi. Umeniimba kama picha ya kwenye kalenda. Mimi nagomba, nachoka, na wewe mwenyewe niliwahi kukurushia kiatu."

Akalishusha gitaa begani. Nikaogopa, nikadhani nimemmaliza, zimebaki saa chache mwenye studio atake jibu. Kisha akauliza, "Na wa pili?"

"Wa pili usiuguse."

"Na wa tisa?"

"Nilisinzia."

Akacheka, mdogo wangu, akacheka mpaka akakaa chini kwenye vipande vya vitambaa. Akasema sasa ndiyo anaamini kuwa wa pili ni mzuri. Miaka yote namsifia, kumbe nilikuwa namnyima kitu.

Ijumaa akampigia mwenye studio mbele yangu. Alimwambia hataki ngoma wala kinanda, na kama ni kuachana waachane salama. Yule bwana akauliza, "Basi hakuna utakachobadilisha?" Akamjibu, "Wimbo wa sita tu. Mhusika amelalamika."

Mwenye studio amekata simu na hajapiga tena. Sijui itakuwaje. Cherehani ya pili iko tupu, na iendelee kuwa tupu.

Sasa jambo linalokuhusu. Tangu juzi mtoto huyu ananiandama kwa maswali. Nikiwa msichana niligombana na nani, niliwahi kutoroka nyumbani, nililia nini siku ya kwanza niliyopata kazi. Anaandika kwenye daftari. Nimemwambia mengine akuulize wewe, kwa hiyo atakupigia. Mwambie kweli. Hata ile habari ya mkufu wako niliouchukua bila kuuliza, mwambie, mimi nimesharidhia. Na wewe sikiliza hizo nyimbo ukiwa huna kitu mkononi, umwandikie yeye mwenyewe ipi ni ipi, usimwonee haya kwa kuwa ni mwanao.

Sijui kutatoka mama wa namna gani kwenye wimbo huo mpya. Nashona nikimsikia anapapasa nyuzi nyuma ya pazia, anaanza, anaacha, anaanza tena, nami napunguza mguu nisikie. Sijawahi kuungoja wimbo kwa hamu na woga namna hii.

Nisalimie shemeji na goti lake, wanangu wote wawili, na yule mama mkwe wako, mwambie sketi yake nimeshaikata. Baba Taratibu anakusalimu, msusi naye anakusalimu ingawa hakujui. Mola akuzidishie afya, akupe riziki isiyo na masimango, na akulinde huko uliko mpaka macho yetu yaonane.

Ni mimi dada yako, akupendaye na kukugombeza,

Mama Taratibu