Vipele vya Baba Zuhura

Jumanne, 12 Julai
Ukungu mpaka saa nne. Darasa la kwanza wote wanatetemeka. Nimeshika mikono yao mmoja mmoja kuwafundisha kuandika "a". Vidole vinaniwasha tangu mwezi wa sita. Hizi chaki mpya za dukani zinakausha ngozi.

Jioni nimefua. Suruali ya kazi ya Baba Zuhura ina usaha uliokauka, mbele, pale pale. Harufu yake. Sijamuuliza.

Jumamosi, 16 Julai
Nimemuuliza. Hakubisha. Akafungua msuli akanionyesha.

Vinundu vyekundu, kwenye uume na kwenye korodani. Viwili vimetumbuka. Anasema vilianza kwa kuwasha, akavikuna, sasa vinauma hata akitembea. Anasema ni salfa. Wiki mbili anapulizia mikorosho, vumbi linaingia ndani ya suruali, linachanganyika na jasho.

Salfa. Mwaka huu tu ndiyo imejua njia ya kuingia huko?

Ninachojua mimi: mwezi wa tano alikwenda Masasi kuifuata hiyo salfa, akalala gesti siku tatu. Tangu biashara ya korosho ifunguliwe kwa watu binafsi mji umejaa wanunuzi, na wanawake wanaofuata hela zao. Mwaka jana tumezika walimu wawili. Kila mtu anajua walikufa kwa ugonjwa gani, hakuna anayetamka.

Nimehamia kitanda cha Zuhura. Ana miaka sita, amefurahi kupata wa kulala naye. Mimi kila nikifumba macho naona vile vinundu.

Alhamisi, 21 Julai
Amenunua kapsuli za rangi mbili, kwenye duka linalouza sabuni na misumari. Siku hizi kila mwenye duka ni mganga. Amemeza nne, nyingine anazitunza mfukoni. Halafu amepaka spiriti juu ya vidonda. Nimemsikia analia nyuma ya nyumba.

Sikumwonea huruma. Sahani yake naisugua kwa majivu, mbali na zetu.

Jumatatu, 25 Julai
Nimemwandikia kaka Hamisi, Chiungutwa. Nimeeleza yote, hata usaha. Aje anichukue na mtoto.

Jumapili, 14 Agosti
Kaka amekuja. Tumekaa ndani, mlango umefungwa. Kaka akamwambia mume wangu wazi kwamba amemletea dada yake ugonjwa wa njiani.

Baba Zuhura alikuwa amekaa upande mmoja wa kiti, miguu mbali mbali. "Shemeji, mimi sina la kusema," akasema. "Dada yako msomi. Ameshajua."

Zuhura akaingia kumwamkia mjomba wake. "Shikamoo mjomba." Huku anajikuna. Kaka akaitika marahaba, akaushika mkono wake, akavifungua vidole. Katikati vipele tupu. Akapandisha kigauni kidogo. Kiunoni vingine, na makwapani.

Baba Zuhura akasema taratibu, "Na huyu naye alilala gesti Masasi?"

Nikamvuta Zuhura, nikamshusha kigauni.

Jumatano, 17 Agosti
Zahanati. Tumekwenda watatu, kaka amerudi kwake jana.

Mganga ni mzee mpole, hakunji uso. Amemtazama Baba Zuhura nyuma ya pazia, kisha mtoto. Kisha akasema, "Na wewe Mwalimu, lete mikono."

Akaisogeza dirishani. "Umeanza lini kuwashwa?"

"Mwezi wa sita. Ni chaki."

"Si chaki, Mwalimu. Ni upele."

Akaeleza: ni mdudu mdogo sana, haonekani kwa macho, anachimba ndani ya ngozi na kutaga mayai. Hupita kwa kugusana. Kwa mwanamume hupenda sana sehemu zile, kwa kuwa ngozi ni laini, na huota vinundu hivyo hivyo. Usaha umeletwa na kucha. Spiriti imeunguza tu, na kapsuli za kumeza nusu nusu hazitibu kitu.

"Kwa hiyo yeye kaupata kwangu," nikasema.

"Wewe umeupata kwa watoto wako wa shule. Yeye kwako. Huyu mdogo analala na nani?"

Nikasema analala na mimi.

Njiani nilikuwa naona wadudu wanatembea ndani ya ngozi yangu. Nilitamani kuivua.

Jumamosi, 20 Agosti
Baba Zuhura anameza dawa ya usaha kwanza, dozi kamili, vidonda vifunge. Tukaambiwa tukishaanza kupaka dawa ya upele, tupake wote siku moja, au tutaambukizana upya.

Nimemwandikia kaka barua nyingine. Fupi. Najua ya kwanza imeshasomwa na mke wake na nusu ya Chiungutwa.

Jumapili, 28 Agosti
Tumepaka. Dawa nyeupe kama maziwa, kali. Ya mtoto tumeichanganya na maji. Kuanzia shingoni mpaka nyayo. Zuhura amelia. Nguo zote na mashuka nimechemsha, maji yenyewe ya kuteremkia bondeni mara tatu. Magodoro juani.

Baba Zuhura amegeuka nimpake mgongo. Kule mbele amejipaka mwenyewe, amenipa kisogo. Nimemwomba radhi hapo hapo, mikono imejaa dawa. Akasema, "Paka, inakauka."

Jumamosi, 10 Septemba
Kuwashwa kumekwisha. Mikono yangu safi, ya Zuhura pia. Vya Baba Zuhura vingine bado vipo. Mganga alisema vinundu vya pale huchelewa, wiki nyingi, hata wadudu wakishakufa.

Nimerudi kitandani kwetu tangu Jumatatu. Tunalala mgongo kwa mgongo.

Leo mchana, kabla ya kwenda shambani, ameniita chumbani akasema nimtazamie. Nikafungua dirisha nipate mwanga. Vimekuwa vya kahawia, vimeanza kusinyaa. Nikamwambia. Akasema haya, akafunga msuli, akachukua panga akaenda.

Bado naona kinyaa kuvitazama. Ijumaa nitavitazama tena.