Mlango wa Chumba cha Vitambaa

Shoga, sikia haya. Leo nusura dada yangu Wening awe mjane kwa sababu ya vitambaa!

Kile chumba chake cha kushonea unakijua, majora ya batiki na vitabu vya mishono mpaka darini. Mumewe, Baba Laras, kaingia kutafuta bisibisi. Tukasikia kishindo.

Wening mbio. Mlango unafungukia ndani, na rundo lote limeuangukia. Haufunguki!

"Baba Laras! Baba Laras!"

Kimya. Kimya kabisa, shoga! Wening anasukuma kwa bega, machozi yanamtoka: "Mume wangu, nijibu basi, hata kwa matusi!"

Kimya.

Jirani yetu Pak Slamet akazunguka nyuma, akavunja dirisha kwa mchi. Baba Laras kalala chini ya kabati la vitabu, damu usoni. Wakamtoa. Alipopata kuhema vizuri akamwambia mkewe, "Nilikuwa nakusikia muda wote. Pumzi ya kukujibu ndiyo sikuwa nayo."

Wening akamfunga jeraha, akamlaza, kisha akapanda lile dirisha, akaanza kutupa majora uani.

Hakuna aliyemwambia ayatupe. Ninavyokuandikia hivi, bado anatupa.