Mzigo Umechoka, Mwenyewe Asijue

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba unijibu bila kunizungusha, kwa sababu Ijumaa haiko mbali na kuna binti wa watu anaweza kufukuzwa kazi kwa ajili ya mdomo wangu. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Shule niliiachia darasa la tatu lakini herufi zangu zinasomeka kuliko za daktari, basi usimpe mtu kazi ya kuninyooshea maneno.

Mimi ni mjane, nilikuwa mpishi wa shule mpaka magoti yalipogoma, na sasa nakaa kwa mwanangu na mke wake. Huyo mkwe wangu kazi yake ni kupangia watu safari. Watu wenye nafasi zao wanakwenda ofisini kwao kuuliza wapi kuna hoteli yenye sura yake, wapi kuna barabara nzuri ya kuendesha gari polepole ukitazama milima, na yeye inambidi aende kwanza akalale huko, aone mashuka, aonje chai, ndipo awatume wengine. Mimi nilikuwa najua mtu anasafiri kwenda kumwona mtu, kumbe siku hizi wanasafiri kwenda kuiona hoteli, haya.

Mwezi uliopita akaniambia, Mama, safari hii twende wote, kuna hoteli ya zamani huko milimani, ukapumzike. Mwanangu naye akasema nenda mama, ukapumzike. Mpaka wajukuu wakawa wanaimba kwamba bibi anakwenda kupumzika. Mshauri, kwa mtu wa umri wangu neno hilo likisemwa na nyumba nzima linaanza kunuka. Lakini nikafungasha nguo kwenye sanduku la marehemu mume wangu, lile gumu la ngozi, kishikio kimekatika nimekifunga kwa kamba, bawaba zimeota kutu, gari likiingia shimoni sanduku linalia kama mbuzi. Mkwe wangu alitaka kuniazima lake la rangi ya maziwa. Nikamwambia hilo lako halijawahi kubeba kitu cha maana, weka huko.

Njiani tukasimama kuweka mafuta, nikaenda kujisaidia, na ninarudi taratibu na magoti yangu, nikiwa nyuma ya gari, nikamsikia anaongea na mwanangu kwa simu. Nisikilize vizuri, maneno yenyewe haya: "Mzigo umechoka kabisa, unalia njia nzima, sijui tumeishi nao vipi. Nimeshapata pa kuuacha huko huko juu, kuna watu wanaoijua kazi hiyo. Ila mwenyewe asijue kwanza."

Sasa niambie wewe. Nani alikuwa akilia njia nzima? Si ni mimi, na magoti yangu, tangu tulipotoka getini? Nani amechoka? Na mwenyewe asiyetakiwa kujua ni nani, kama si mimi niliyesimama pale nimeshika ukingo wa gari nisianguke? Nikaingia, nikafunga mkanda. Akaniuliza Mama uko salama, nikamwambia niko salama, endesha.

Barabara ile, mshauri, ni nzuri, nisiseme uongo. Inapanda inajikunja, huku mawe, huku bonde, mawingu yako chini yako. Lakini kila kona mkwe wangu anasimamisha gari, Mama shuka, Mama simama hapo, Mama tabasamu, ananipiga picha. Mimi moyoni nasema huyu anachukua kumbukumbu. Zile picha ninazo sasa, ukiziona utacheka, kila moja nimekaa kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho polisi.

Tukafika. Jengo refu jeupe, baraza ndefu, ukutani vyuma vya kushikilia, milango mipana ya kupitisha kitanda, wahudumu nguo nyeupe. Na barazani wazee watupu, wamelala kwenye viti vya kunyoosha miguu, mablanketi magotini, wanatazama bonde hakuna anayesema kitu. Binti wa mapokezi akaniamkia kwa adabu, akanishika mkono, akasema karibu bibi, wageni wa umri wako wakifika hapa hawataki tena kuondoka. Nikamwuliza, kwani wakitaka wanaruhusiwa? Akacheka, alidhani natania.

Chumbani kitanda ni cha chuma, kirefu, na kando ya mto kuna kamba ya kengele, nikaambiwa ukihitaji chochote vuta, mtu atakuja. Nikaingia bafuni kunawa. Nilipotoka nikakuta nguo zangu zimetundikwa kabatini zote, zimepangwa kama za mkazi, na sanduku halipo, na mkwe wangu hayupo, na nikichungulia dirishani gari nalo halipo.

Hapo mshauri ndipo nilipoharibu. Nilishuka kwa yule binti nikamwambia yule mwanamke si damu yangu, amenitupa hapa, ameondoka na sanduku la mume wangu, na akithubutu kurudi asiingie. Nilimwambia na mengine, kwamba nyumbani ananinyima, kwamba haniamkii, mambo ambayo hayapo wala hayajawahi kuwapo, yalitoka tu kwa hasira. Binti wa watu macho yakamjaa machozi. Akaninunulia chai kwa pesa yake, akapiga simu getini.

Mvua ikanyesha. Mkwe wangu akarudi, mlinzi akamzuia. Akasimama pale getini anaulizwa yeye nani, anatoka wapi, ana shida gani na mzee wa ndani, mpaka meneja akapatikana. Nilimwona kutoka dirishani. Alikuwa amevua koti lake amekifunika kitu, na yeye analowa. Alipoingia chumbani maji yanamchuruzika, akakifunua. Sanduku la mume wangu. Limepakwa rangi ya viatu linang'aa, kishikio kipya, bawaba mpya, na chini limetiwa magurudumu. Akaniambia, "Mama, livute uone."

Nikalivuta kwa kidole. Halikulia.

Kumbe kuna mafundi wa mabegi kwenye mji mdogo pale juu, hodari, ofisini kwao wanawajua. Kumbe mwenyewe ni mwenye sanduku. Kumbe lile jengo zamani lilikuwa hospitali ya wagonjwa wa kifua, na hicho ndicho watu wa mitindo wanachokilipia, kulala kwenye vitanda vya wagonjwa wa zamani na kuvuta kengele zao. Na wale wazee ni wageni kama mimi, wamestaafu, na hawasemi kwa sababu wameshiba. Mshauri, nilikaa kitandani nikatoa pumzi niliyokuwa nimeishika tangu kule tulikoweka mafuta. Nilicheka, mkwe wangu akadhani ni furaha ya sanduku. Siku zilizobaki nilikula, nililala mpaka jua linanikuta, nami nikatafuta kiti changu barazani na blanketi langu, na ile kengele niliivuta nione kama kweli watakuja. Wanakuja.

Shida ni hii. Mkwe wangu aliuliza kwa nini alizuiwa kama mwizi. Meneja akajibu kwamba mapokezi walikuwa na wasiwasi kuhusu mzigo wa mgeni, basi, akaishia hapo. Mkwe wangu akaamua kwamba yule binti alimdharau kwa kumwona na sanduku kuukuu. Na mimi badala ya kusema, nikasema wasichana wa siku hizi hawana adabu. Asubuhi yule binti ndiye aliyeleta chai, mkwe wangu hakumwitikia salamu. Akainama kunimiminia, akaniambia polepole, "Bibi, mimi sitasema. Utasema mwenyewe."

Ijumaa mwenye hoteli anakuja ofisini kwa mkwe wangu, na mkwe wangu ameapa atamwambia achague, ama yule binti aondoke mapokezi au wao wasipeleke tena mgeni pale. Mimi nataka binti abaki na kazi yake, lakini nikisema, mkwe wangu atajua kwamba nyuma ya kila "mwanangu" niliyomwita kulikuwa na mtu anayeamini kwamba yeye anaweza kumtupa. Kweli hakuna njia nyingine? Nilifikiri niseme yule binti alinisikia vibaya kwa kuwa naongea kwa sauti ndogo, lakini nyumbani kwangu hakuna atakayeamini hilo.

Ni mimi,
Mwenye Sanduku

JIBU

Shikamoo, bibi. Salamu imekwisha, sasa nisikilize, kwa sababu umeniambia nisikuzungushe na mimi sina nia hiyo.

Kwanza pole. Sikucheki kwa kuogopa. Mtu aliyepikia watoto wa watu mpaka magoti yakakataa, akiamka siku moja anakaa kwa mwanawe na kuambiwa apumzike, lazima sikio lake liwe jepesi. Woga huo hukuupata mlipoweka mafuta, ulitoka nao nyumbani, pale ulikwenda kuupa maneno tu. Na mkwe wako naye ana lake. Mtu mzima hapelekwi kwenye jumba lenye vyuma ukutani na kengele kitandani bila kuelezwa lilikuwa nini. Hilo mwambie, ana haki ya kulisikia.

Lakini bibi, kuogopa ni kitu kimoja na kusingizia ni kingine. Ulimwambia mtu usiyemjua kwamba mke wa mwanao anakunyima na hakuamkii. Hayo hukuyasikia nyuma ya gari, uliyatunga. Kisha mwanamke aliyevua koti lake kufunika sanduku la mumeo ukamwacha amchukie msichana aliyekununulia chai. Wote wawili walikutendea wema siku moja, na wewe umewagombanisha ukakaa kati unakula mkate. Hapo sikupi pole.

Unaniuliza kama kuna njia nyingine. Hakuna, na unajua, ndiyo maana umeniandikia mimi na hukumwuliza jirani. Usimtume mjukuu. Usimpigie mwenye hoteli kwa siri. Usisubiri Alhamisi jioni ukijidai umekumbuka. Leo, mkwe wako akirudi kazini, mwache avue viatu, anywe maji, kisha liweke lile sanduku mbele yake na mwambie yale maneno aliyosema kwenye simu, kama ulivyoniandikia mimi. Akiyasikia kutoka mdomoni mwako ataelewa nusu ya jambo kabla hujamaliza. Nusu ya pili ndiyo ngumu, ile ya uliyoyatunga. Iseme yote, usipunguze, na usitangulize "kama nimekukosea." Umemkosea. Usilie mapema ili akubembeleze, subiri umalize.

Unaogopa atajua ulimwona mtu wa kukutupa. Ndiyo, atajua, na itamuuma. Lakini ataona pia kwamba ulikuwa umebeba hofu hiyo peke yako kona zote zile, picha kwa picha, na hukumwambia. Afadhali ajue anaishi na nani kuliko aendelee kumpeleka kutembea mtu anayetetemeka ndani ya mkanda wa gari.

Kisha mwambie akupigie ile hoteli, umwombe radhi yule binti kwa sauti yako, ile isiyo ndogo. Na Ijumaa nenda naye ofisini. Mwenye hoteli amsikie mtu aliyeanzisha jambo akilimaliza.

Na siku nyingine ukisikia neno likakuchoma, bibi, uliza hapo hapo. "Mzigo gani?" Ni maneno mawili tu, hata mtoto wa darasa la kwanza anayaweza.

Mshauri wako

*

Ukurasa huu ulikuwa tayari kwenda kuchapwa, na bibi nilikuwa nimeshamsomea jibu kwa simu, alipotuma ujumbe. Nauweka kama ulivyo:

"Nimesema. Yote, na ya kutunga. Alinyamaza sana mpaka nikataka kuvuta kengele. Kisha akauliza mbona nilidhani mtu wa kunitupa angenitafutia mahali penye chai nzuri namna ile, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa juu ya sanduku, na hapo ndipo akalia, na mimi nikalia, nilikuwa nimeshamaliza kusema kwa hiyo nilikuwa na ruhusa yako. Binti nimempigia. Alisema alijua nitasema. Ijumaa tunakwenda ofisini, na mwenye hoteli akitaka tutarudi kule siku nyingine, safari hii na mwanangu. Picha zote zitapigwa upya, nimeagiza kila kona tusimame. Sanduku nitalivuta mwenyewe."