Raba Mpya Chini ya Mkweche

Mama Watoto,

Chai ipo kwenye chupa, sukari imekwisha. Mimi nimekwenda kazini kwa miguu, kichwa hakijanikaa sawa.

Asubuhi nimejilaza chini ya mkweche wangu nibadilishe ile raba inayofunika ekseli ya nyuma, iliyokuwa inavujisha oili, nikakuta mpya imeshafungwa. Sielewi. Mshono wa raba umeelekezwa pembeni, skrubu zimekazwa kwa upole. Hivyo nilimfundisha kifungua mimba wetu peke yake, naye aliondoka akisema hatakanyaga hapa tena. Kaingia saa ngapi? Au wewe unajua, unaninyamazia tu?

Raba niliyonunua hii hapa mezani. ~~Irudishe dukani.~~ Iache. Akipita tena, mwambie upande wa pili nao unavuja. Hauvuji, lakini mwambie.

Baba Watoto