Tarehe Sitini na Tatu

Chumba cha Takwimu,
Ghorofa ya Pili.
Jumanne, tarehe 13 (ya kawaida).

Mpendwa Baba mdogo,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mama mdogo aliniambia kwenye simu kwamba umekataa bakora, eti ni ya wazee. Sisi huku tu wazima, na mwanangu ameota meno mawili anayouma nayo kila kitu, pamoja na mimi.

Nakuandikia kukuomba radhi. Mwezi huu nilipewa kazi ya kukusanya vipimo vya zamani vya hewa ya juu, vile mlivyovipata kwa kurusha maputo alfajiri na kuvituma kwa mafungu ya tarakimu. Nimetunga programu ya kuyafumbua mafungu hayo na kulipanga kila puto kwa kituo na tarehe yake: joto, unyevu na upepo, toka chini hadi juu.

Ikavikubali vituo vyote isipokuwa chako. Miaka yako tisa ilikataliwa yote, kwa sababu tarehe zako zilikuwa 63, 74, hata 81. Nilicheka, Baba mdogo. Niliwaambia wenzangu kwamba mzee wangu alikuwa akiandika huku anasinzia. Mkuu wetu akasema Ijumaa tunafunga hifadhi ya vipimo hivi, na kituo chako kiandikwe "hakiaminiki". Hapo kicheko kikanikauka.

Nikateremka masjala kwa mama mmoja aliyekuwa akipokea taarifa zenu enzi hizo. Aliitazama karatasi mara moja tu.

"Huyu hakosei. Toa hamsini, usome tena."

Kumbe mliopima upepo kwa kipimo cha mabaharia mliagizwa kuongeza hamsini kwenye tarehe, ili anayepokea ajue. Vituo vingine vyote vilitumia mita kwa sekunde. Aliyekosea ni mimi. Nilirekebisha mstari mmoja, na maputo yako elfu tatu na ushei yakajipanga kwenye skrini. Nilitokwa na machozi mbele za watu, wala sikuona haya.

Pengo ni moja tu. Nyumbani tulizoea kukutania kwamba umeoa maputo; sasa nimeiona siku pekee uliyoyaacha. Ni Jumatatu ile Baba alipokuwa amelazwa, ukanishika mkono kunipeleka darasa la kwanza.

Programu inadai sababu ya kila pengo. Nimeandika: "Mpimaji alimpeleka mtoto shule."

Nisalimie Mama mdogo, Dada Kicheko na watoto wake wote. Mungu akutunze, goti likiwemo.

Mwanao akupendaye,
yule wa Jumatatu