Mapigo Manne ya Baba

Kaka yangu mpendwa,

Huku paa limezibwa, na yule paka wako mwizi kazaa tena. Jana bendi ya ngoma ilipita barabarani. Nilisimama dirishani nikacheka peke yangu, nikikumbuka sare zilizotupwaya, mimi na ngoma yangu ndogo, wewe umefunikwa na ile kubwa hadi watu wakawa wanasema, "Tazama, ngoma ina miguu!" Na Baba mbele, kiongozi wetu, anagonga ukingo wa ngoma yake mara nne, halafu kimya, tunasubiri ngoma yako ijibu ndipo tunyanyue mguu.

Kaka, Baba hasemi tena tangu apooze. Anagonga tu chuma cha kitanda kwa kidole, mara nne, kisha ananitazama. Nimemjibu kwa ndoo, kwa sufuria, hata kwa mlango. Anatikisa kichwa. Anaujua mkono wako.

Maneno mliyotupiana siku uliyoondoka, nakuomba uyaache hukohuko. Mimi nimeishiwa ujanja. Njoo umjibu.

Leo asubuhi amegonga mara tatu, kidole kikachoka.

Dada yako,
wa ngoma ndogo