Sahihi za Mama Melini

Mwala,
Machakos.
Jumatano, 14 Agosti 2002

Mpendwa Mama Mdogo Kamanthe,

Nakusalimu kutoka nyumbani, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta mzima na kwamba zamu za usiku hospitalini hazijakumaliza nguvu. Magoti je? Ulisema baridi ya Gaborone huingia kwenye mifupa. Nasi huku Agosti imetukalia vibaya. Asubuhi ni ukungu, mchana ni vumbi, na kila mtu anakohoa. Baba anakohoa kuliko wote lakini hataki dawa. Mama ni mzima wa mwili.

Viatu ulivyomtumia vilifika. Huvivaa kanisani tu, na akirudi huvipangusa na kuvirudisha kwenye boksi lake.

Ningependa kuendelea na habari za namna hii hadi karatasi iishe. Nimeanza barua hii mara tatu wiki hii, na kila mara nimeishia kwenye viatu. Mama Mdogo, ninaogopa. Ninaogopa tangu Aprili, na kesho ndiyo siku yenyewe, na hapa hakuna ninayeweza kumwambia kwa sababu wote wamo ndani ya jambo hili.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba marafiki wa kikundi, wale Waholanzi wanaotununulia saruji ya bwawa la mchanga, ule ukuta wa mtoni unaozuia mchanga ili uhifadhi maji, waliwazawadia akina mama matembezi ya pwani. Walilipia watu sita: wanawake watano wa kikundi, pamoja na mimi nikiwa mkalimani. Siku mbili zilikuwa za hoteli ya ufukweni Mombasa, kisha siku tatu ndani ya meli ya watalii, kwenda Unguja na kurudi. Nilikuandikia pia kwamba tulifurahi safari nzima. Hapo ndipo nilipoacha kusema kweli.

Hotelini tulifurahi, hilo si uongo. Jioni ya kwanza waliletwa wacheza ngoma kuwatumbuiza wageni, wakatangazwa kuwa ni Wakamba. Vijana waliruka sarakasi vizuri, lakini mabega yao yalikuwa yamelala. Ndinda, jirani yetu wa ng'ambo ya mto, alivumilia wimbo mmoja. Wa pili akainuka. "Nyinyi ni watoto wa nani?" akawauliza kwa Kikamba mbele ya wageni wote. "Aliyewafundisha alikuwa mgonjwa?" Akawaonyesha mabega yanavyotikiswa. Wazungu walipiga makofi wakidhani ni sehemu ya onyesho, na vijana wakamwita mwaitu, yaani mama yetu, na kumfuata nyuma. Mama alicheka mpaka akashika meza. Jioni ile nilijisikia kama mtu asiye na cha kuogopa.

Kesho yake tukapanda meli. Sijui nikueleze vipi. Haikuwa kichefuchefu, ingawa ndivyo nilivyowaambia wenzangu. Nilipokanyaga ndani nilihisi sakafu ikitetemeka chini ya zulia, kidogo tu, kama ngozi ya ng'ombe anapofukuza nzi, nikaelewa kwamba chini ya zulia lile hakuna ardhi. Nikaingia chumbani, nikalala nikitazama ukuta, na sikutoka siku zote tatu. Mimi niliyepelekwa kuwa mdomo na macho yao.

Mama aliniletea mkate na chai. Nilimwuliza wanasemezana vipi na wahudumu.

"Tunaelewana," akasema. "Wao wanacheka, nasi tunacheka."

Nilishukuru kwa jibu hilo, nikageukia ukuta tena.

Asubuhi ya mwisho nilikuta bahasha imesukumwa chini ya mlango. Ilikuwa bili. Tiketi waliyotulipia Waholanzi ilikuwa ya kitanda na chakula tu. Soda, maji ya chupa, picha wanazopigwa wageni mlangoni, kukandwa miguu, kila kimoja kilikuwa na bei yake, na huko melini mtu hatoi pesa papo hapo. Analetewa kikaratasi, anatia sahihi, na hesabu inamngoja siku ya kushuka. Vikaratasi vilivyobanwa nyuma ya bili vilikuwa arobaini na sita. Vyote vilikuwa na sahihi moja, ya Mama, imenyooka vilevile kama kwenye kitabu cha kikundi.

Unamjua dada yako. Miaka kumi na minne ameshika kitabu cha mahudhurio cha mwethya, kikundi chetu cha kazi za kusaidiana. Aliyekuja kubeba mchanga anaandikwa, asiyekuja anatozwa faini, na wasiojua kuandika yeye ndiye huwatilia sahihi. Na wafadhili nao, kila wakija ni sahihi: sahihi ya chai, ya nauli, ya semina, ya koleo. Kwetu kutia sahihi ni kusema nilikuwepo, asanteni. Basi mhudumu alipomwekea kikaratasi na kalamu, Mama alichukulia kwamba Waholanzi wanataka kujua ni nani aliyekunywa soda yao. Akatia sahihi, na kwa kuwa ni mwaminifu, akaandika pembeni jina la kila aliyehudumiwa. Nthambi, juisi. Ndinda, picha.

Kumi na kimoja kati ya vikaratasi hivyo vina jina langu. Nzisa, soda. Nzisa, juisi. Nzisa, soda tena. Sikuwa hapo, Mama Mdogo. Kila walipoketi aliniagizia na mimi, akaniandika, ili mfadhili asije akauliza mkalimani alikuwa wapi. Huyu ni Mama, ambaye katika maisha yake hajawahi kumwandikia mtu siku asiyoifanyia kazi, hata shangazi wa Baba alipomlilia.

Nilishuka kaunta peke yangu. Kijana wa pale alikuwa na adabu sana, na adabu yake ndiyo iliyonitisha. Alisema pasi zetu zitabaki kwao hadi hesabu imalizike. Jumla ilikuwa mishahara yangu saba. Kwa mbali nilimwona Mama akiwapanga wenzake na mizigo yao, akiwahesabu kwa kidole, nikashindwa kumwita. Kwa kuwa tulikuja kwa jina la wafadhili, kijana alikubali nitie sahihi hati ya ahadi kwamba nitalipa mwenyewe kabla Julai haijaisha. Nikaandika anwani ya shule ninayofundisha, nikarudi na pasi sita mkononi. Mama akauliza kulikuwa na nini. Nikasema ni mambo ya kuagana.

Tangu hapo nimelipa mishahara miwili na nusu. Nyumbani nimesema naweka akiba ya masomo. Kila siku ya soko nakimbilia posta kabla karani wa shule hajafika, na nikiona mtu yeyote amebeba bahasha ya kahawia nasimama njiani hadi apite. Wanafunzi wananiuliza kama ninaumwa.

Sasa kampuni imechoka kuningoja. Imemwandikia mwenyekiti wa kikundi moja kwa moja, na mwenyekiti ni Nthambi, ambaye hajui kusoma. Aliniletea barua hiyo Jumapili baada ya ibada.

"Nisomee, mwalimu. Mama yako ana wageni."

Nikaisoma kimya. Wanasema mwezi ukiisha bila pesa watawaandikia Waholanzi.

"Wanasemaje?"

"Wanawasalimu."

"Wote?"

"Wote, kwa majina."

Alifurahi sana, Mama Mdogo. Akaikunja, akaiweka kifuani. "Basi Alhamisi utatusomea mbele ya kikundi, kila mtu asikie jina lake."

Alhamisi ni kesho. Nikisoma salamu za uongo, mwisho wa mwezi Waholanzi watajua yote kutoka kwa watu wengine, na sioni kwa nini watuletee tena hata mfuko mmoja wa saruji. Bwawa la pili limefika kiunoni. Nikisoma kweli, Mama atasikia mbele ya wanawake wote kwamba kalamu yake ndiyo iliyowatia kwenye deni, na kwamba amemwandika mtu asiyekuwepo. Na watasikia vilevile kwamba mimi nililala. Ningeweza kumwambia leo tukiwa wawili. Yuko jikoni, namsikia akichambua maharagwe. Nimeinuka mara mbili, nikaketi tena.

Sitaifunga barua hii. Niombee.

Jumamosi, 17 Agosti

Mama Mdogo, nilisoma kweli.

Tulikuwa mtoni, kando ya ukuta mpya. Mama aliita majina, kila mtu akajibu niko. Kisha Nthambi akaitoa ile barua kifuani na kuniwekea mikononi. Ilikuwa bado na joto lake.

"Haya, mwalimu. Salamu."

Nilitafsiri mstari kwa mstari, na sauti niliyoisikia haikuwa yangu. Nilipomaliza nilisikia punda wa Nthambi akipiga kwato. Nikatoa vikaratasi kwenye mkoba, nikampa Mama.

Hakuniangalia. Akavisoma kimoja kimoja, kwa sauti ileile ya kuita majina.

"Nthambi, juisi."

"Niko," akasema Nthambi. "Niliinywa. Hiyo ni yangu."

"Ndinda, ile ya kijani yenye kimwavuli cha karatasi."

"Niko. Mwalimu, hebu tuambie, ile ilikuwa soda gani?"

Nikatazama maandishi ya meli. Nikamwambia ilikuwa pombe.

"Zote nne?"

"Zote."

"Ndiyo maana bahari ilinipendeza," akasema, na watu wakacheka, hata mke wa mchungaji, ambaye naye alikuwa safarini, na kikaratasi chake cha kinywaji kile cha kijani kilikuwa bado hakijaitwa.

Mama akaendelea hadi akafika kwenye jina langu. Hapo akakishika kikaratasi mbali kidogo na macho kana kwamba herufi zimefifia. Ningeweza kujibu niko. Nadhani alikuwa akiningoja nijibu hivyo, na wote wangeamini.

"Sikuwepo," nikasema. "Nilikuwa chumbani siku zote tatu. Sikuwa mgonjwa. Niliogopa."

"Soda zake nilikunywa mimi," akasema Ndinda. Safari hii hakuna aliyecheka.

Nthambi ndiye aliyekata maneno. Kila mtu atalipa chake kidogo kidogo, na nilicholipa kitahesabiwa. Mimi nitawaandikia Waholanzi kabla kampuni haijawaandikia, niwaeleze bila kuficha. Kwa siku tatu nilizolala nitabeba mchanga siku tatu. Mama atabeba siku moja, kwa kumwandika asiyekuwepo. Mama akafungua kitabu, akaandika faini zote mbili, yake kwanza, kisha yangu. Hakuna aliyemwomba akiachie kitabu, ila nilimwona akikifunga polepole, kama anayengoja mtu aseme.

Barua ya Waholanzi nimeiandika jana na nitaituma pamoja na hii. Watajibu nini sijui. Nikifikiria bahasha yao ikifika naogopa upya, na huenda ikachukua mwezi mzima. Lakini hofu hiyo sasa tunaigawana watu wengi.

Iliyonibakia ilikuwa ya Mama. Hakunisemesha Alhamisi yote wala Ijumaa. Aliniwekea chakula, akanipashia maji ya kuoga, akapita. Afadhali angenigombeza.

Leo asubuhi tulianza kutumikia faini, yeye na mimi, tukijaza mchanga kwenye magunia. Tulifanya kazi kama saa nzima. Kisha akaniuliza bila kuinua kichwa.

"Kilichokutisha ni nini hasa?"

"Maji," nikasema. "Yalikuwa chini yetu kila mahali."

Akamwaga koleo mbili, tatu.

"Mimi nilikuwa nikitetemeka kila alipokuja yule mhudumu na kalamu," akasema. "Nilijua kuna kitu sikielewi. Na wenzetu wote walikuwa wananitazama mimi. Nikawa natia sahihi haraka ili aondoke."

Nikamwuliza kwa nini hakuja kuniita.

"Nilikuja," akasema. "Siku ya kwanza. Nilisimama nje ya mlango wako na kikaratasi mkononi. Nikakusikia unalia, nikarudi mezani nikakitia sahihi."

Kisha akaniambia nishike mdomo wa gunia vizuri, mchanga unamwagika.

Mama Mdogo, nisalimie Baba Mdogo Muli, na Antony, umwambie picha yake ya shule tumeibandika sebuleni. Baba anakusalimu, na kikohozi chake nacho. Nthambi anakuuliza kama Botswana kuna mito isiyo na maji kama yetu. Mungu akutangulie katika kila zamu, akurudishe nyumbani salama, na akupe usingizi mzuri ambao mimi bado naungoja.

Ni mimi mwanao nikupendaye,

Nzisa